Viatu Tulivyomwachia Fundi

Waliokuwepo uani kwa Fundi siku ile nawataja mmoja mmoja, kwa sababu gazetini waliandikwa "wananchi wenye hasira kali", na mimi katika maisha yangu sijawahi kukutana na mtu mwenye jina hilo. Alikuwepo Lusajo, mwanangu wa kwanza. Alikuwepo mkewe Salome, mama yake Tumpe mjukuu wangu. Alikuwepo Ambakisye, mtoto wa marehemu dada yangu Subilaga, niliyemlea mimi tangu hajaota meno. Alikuwepo Gwakisa, wa bodaboda, aliyepanga chumba changu cha nyuma. Alikuwepo Mama Upendo, jirani ambaye ukuta wake na ukuta wa Fundi ni mmoja. Alikuwepo Mzee Elia, mdogo wake marehemu mume wangu, mzee wa kanisa. Nilikuwepo mimi. Wengine walikuja mbio kutoka barabara kuu, wapiga debe na wapakia mizigo, hao nyuso zao ninazo lakini majina sikuwahi kupewa. Mzee Shabani wa duka la mitumba alifika mwisho, na yeye hahesabiwi pamoja nasi.

Siku hiyo, hapa Iyunga, Mbeya, tulimvunja Fundi mkono wa kulia. Tulivyofika hapo nitaeleza, na sehemu yangu nitaieleza pia, maana kwa miaka minane yeye mwenyewe hakuijua.

Jina lake silitaji. Ninalo, mimi jina la mtu halinipotei, lakini alinikataza. Alisema jina lake lilishapigiwa kelele vya kutosha. Basi ni Fundi. Watu wageni walidhani ni fundi cherehani, wakamletea sare za shule apunguze mikono. Aliwafukuza. Cherehani hakuwa nayo hata moja. Alikuwa anatengeneza vitambaa vikubwa vya kuning'inizwa ukutani, na humo ndani alishona kila kitu: vitenge vilivyochakaa, viroba vya mbolea, turubai la lori, nyaya zinazobaki tairi likiungua, katani, pumba za mpunga, ngozi za mbuzi. Kitambaa kimoja kilikuwa kizito kama godoro lililolowa. Mara moja watu walikuja na gari kutoka Dar es Salaam wakachukua vitatu, wakasema vitawekwa kwenye ukumbi watu wavitazame. Nikamwuliza, "Wavitazame halafu?" Akasema, "Halafu waende nyumbani wakiwa hawana raha."

Kazi yake ilikuwa ya vita. Asubuhi ulisikia mchi. Alikuwa na gogo la mkaratusi katikati ya banda, analaza kitambaa juu yake, anakiambia "pole", halafu anakipiga. Anakipiga mpaka nyuzi zinaanza kuachiana. Akimaliza anakichoma pembeni kwa kaa la moto, anakitia kisu, anakiburuta kwenye kokoto. Kila hatua anasema pole. Nikamwambia, Fundi, si bora ununue kilichokwisha kuchakaa? Akasema kilichochakaa chenyewe ni cha mtu mwingine, yeye anataka ajue kila tundu lilitoka wapi.

Na mwanamke huyohuyo kuku hakuweza kumchinja. Sikukuu alikuwa ananiletea kuku wake kwapani, anageuka upande wa ukuta, anaziba masikio kama mtoto. Radi ikipiga aliingia uvunguni mwa meza. Sindano ikimchoma aliitukana matusi mazito ya Kihehe, kisha Jumapili anakwenda misa ya kwanza na kitambaa cheupe kichwani, mpole, huwezi kuamini.

Ukimwambia kazi yake nzuri alikasirika. "Usiniambie nzuri, Bibi Tumpe. Niambie imekuuma wapi." Basi nilikuwa namwonyesha. Hapa tumboni. Hapa kwenye goti. Anafurahi, anapikia chai.

Mawazo aliyatoa barabarani. Lori likianguka kule kwenye mteremko, watu wanakimbilia mafuta na mizigo, wengine wanakimbilia majeruhi. Fundi alifika wakati wote wameshaondoka, anatembea kwenye lami na kiroba, anaokota. Kipande cha turubai. Mkanda wa kiti. Tairi lililochanika. Watu walimsema sana kwa hilo. Mama Upendo alisema hadharani pale bombani, "Anaokota vya maiti yule." Nami nilikuwepo na sikumkatalia.

Mara nyingine alikwenda Rujewa kwa sababu alisikia ng'ombe wa watu wamefukuzwa bondeni, wengine wamekufa kwa kiu njiani. Alikaa siku nne. Akarudi na ngozi moja ya ndama na magunia mawili ya pumba kutoka mashine za mpunga. Kitambaa kilichotoka pale alikipaka gundi, akakimwagia pumba zote, na ukikipitishia kiganja kinakuchoma kama upupu. Alitaka hivyo. Mzee Elia alikigusa akajikuna hadi jioni, akasema, "Huyu mwanamke ana roho mbaya mpaka kwenye matambara."

Lakini la Mama Upendo ndilo hasa linaloonyesha Fundi ni mtu wa namna gani. Mume wa Mama Upendo alikuwa anampiga. Sote tulisikia, ukuta ni mmoja. Siku moja alimpiga akamchania gauni kutoka begani hadi kiunoni. Asubuhi Fundi akaenda akamwomba lile gauni. Mama Upendo alidhani anataka kumshonea, akampa. Fundi akalishona juu ya kiroba vilevile lilivyochanika, mpasuko ukiwa wazi, akauzungushia uzi mwekundu, akalitundika kwenye ua wake upande wa barabara. Mwanamume akitoka kwenda kazini analiona. Akirudi analiona. Siku ya tano akaja na panga, akalikata mara tatu mbele ya watu, anatweta.

Fundi akatoka na kikombe cha chai mkononi. Akaangalia yale mapengo. "Asante, shemeji," akamwambia. "Hapo palikuwa pamepwaya, nilikuwa natafuta la kufanya."

Akayaunga kwa nyaya za tairi, akalitundika tena. Tulicheka, Salome alicheka mpaka akakaa chini. Yule mwanamume hakumgusa tena mkewe pale nyumbani. Mama Upendo hakumshukuru Fundi. Alisema amemdhalilisha. Na labda kweli, sijui, gauni lilikuwa lake na hakuna aliyemwuliza.

Sasa habari ya ngozi. Ngozi ya mbuzi alikuwa anailoweka kwenye pipa la majivu na chokaa siku kadhaa, manyoya yanatoka yenyewe. Anaikwangua kwa kipande cha msumeno mpaka inakuwa laini, nyembamba. Kisha anaitia kwenye sufuria la kokwa za parachichi. Wengi hawajui, parachichi kwetu zimejaa na kokwa tunatupa, lakini ukizichemsha kutwa nzima zinatoa maji mekundu, na ngozi ikilala humo inatoka na rangi ya kiganja cha mtu. Halafu anaiwamba kwenye fremu ya miti kwa kamba ikauke. Mimi nilishazishika ngozi hizo. Fundi mwenyewe alinishikisha, nikasema zinanuka, tukacheka.

Hiyo ndiyo sababu siwezi kusema sikujua.

Ilikuwa masika, saa nane mchana. Tumpe alikuwa na miaka sita. Tangu saa nne hakuonekana. Salome alikuwa ameshapita nyumba zote, Gwakisa amezunguka na pikipiki hadi stendi na kurudi. Mimi nilipita nyuma ya banda la Fundi, nikachungulia kwenye upenyo wa mabati. Nikaona fremu. Nikaona ngozi ndogo, haina unywele, mikono miwili imevutwa huku, miguu miwili imevutwa huku, na chini yake beseni, na tone jekundu linaanguka.

Ambaye hakukulia huku kwetu hataelewa. Sisi tulikatazwa kupita peke yetu kwenye mahindi marefu kwa sababu ya wachuna ngozi, watu wanaoua wenzao wakauze ngozi zao. Ukisikia mtu amepotea Mbeya, kabla hujawaza mto, kabla hujawaza gari, unawaza hilo. Nilisahau mbuzi. Nilisahau kokwa. Nikapiga kelele: "Amemchuna! Amemchuna mjukuu wangu!"

Basi.

Jiwe la kwanza lilipiga bati, sikuona mkono. Gwakisa alivunja mlango kwa teke. Salome alimkamata Fundi nywele akamburuta nje, na mapipa yalipinduka, maji ya majivu na maji mekundu yakachanganyika na tope la mvua. Mama Upendo alimpiga kwa kigae cha chungu usoni. Mzee Elia alisema, "Mungu atusamehe," kisha akarusha jiwe. Ambakisye alikuwa anakokota tairi kutoka kwenye mali za Fundi mwenyewe, na Gwakisa anafyonza petroli kwenye pikipiki yake kwa mpira, anatema, anafyonza tena.

Lusajo alimkalisha Fundi kwenye gogo lake. Akamwuliza, "Unachunia mkono gani?"

Fundi alikuwa na damu mdomoni. Akajibu kama mtu aliyeulizwa swali la kawaida. "Wa kulia. Lakini ni mbuzi, Baba Tumpe. Ni mbuzi."

Mwanangu akalaza ule mkono juu ya gogo. Akachukua mchi. Alipiga mara tatu. Ya tatu nilisikia tofauti na mbili za mwanzo.

Hapo ndipo sauti ya Mzee Shabani ilipoingia. "Nyinyi! Nyinyi, mnafanya nini? Mtoto huyu hapa!" Alikuwa amembeba Tumpe begani, alama za usingizi shavuni. Mtoto alikuwa amelala katikati ya marobota ya mitumba dukani kwake, tangu asubuhi, na yeye hakumwona hadi alipovuta robota la makoti.

Nimeona watu wakikimbia moto, nimeona wakikimbia nyuki. Sijaona watu wakikimbia kama tulivyomkimbia yule mtoto mzima. Tope lilikuwa zito, likawa linavua watu viatu na hakuna aliyerudi kuvichukua. Mimi nilivua malapa yangu nikayashika mkononi, nikakimbia nayo. Mzee Shabani alimweka Tumpe chini, akavua kanzu, akamfunga Fundi mkono.

Polisi walipomwuliza hospitalini, Fundi alisema alifumba macho, hakumwona mtu. Wakarudi mikono mitupu, na sisi tukapumua. Tukamsifu kwa moyo wake. Mzee Elia alimtaja kwenye maombi. Fundi alipopona alikwenda zake Iringa, na mtaani tukawa tunasema "ile siku ya vurugu", kama vile mvua ya mawe ilipita. Lusajo akaacha gereji akaanza kuendesha lori. Habari ile hatukuizungumza mezani hata mara moja.

Mwaka huu Tumpe ameingia kidato cha pili. Akaniuliza kwa nini Mzee Shabani akimwona humwita "shahidi". Nikashindwa kumdanganya usoni. Nikamwambia, vaa, tunakwenda Iringa, Ipogolo, kwa Fundi.

Fundi anaishi chini ya mlima pale, karibu na barabara, malori yanapita mlangoni yakipiga breki. Tulimkuta chini sakafuni. Mkono wa kulia vidole vimejikunja kama vya kuku aliyekufa, na kwenye kigasha, chini ya kiwiko, amefunga shazia la kushonea magunia kwa mpira wa baiskeli, anatoboa kwa kigasha, anaingiza uzi kwa kushoto, anavuta kwa meno. Meno mawili ya mbele hana.

"Kamwene, Fundi," nikamsalimu kwa Kihehe chake.

"Ugonile, Bibi Tumpe," akajibu kwa Kinyakyusa changu, wala hakushtuka. Akamtazama msichana. "Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Ngozi yako nzuri," akamwambia, akacheka peke yake. Tumpe aliniangalia hajui afanye nini na uso wake.

Ukuta mzima nyuma yake ulikuwa turubai la lori. Katikati ngozi ya mbuzi, rangi ileile ya kiganja. Na kuizunguka, vimeshonwa kwa katani, viatu. Ndala, raba, yeboyebo, kiatu cha ngozi, buti. Vyote vimeelekeza vidole kwenye ile ngozi. Mzee Shabani alikuwa ameviokota uani siku ileile, akavitia kwenye kiroba, akampelekea kwa basi.

"Ulisema hukuona mtu," nikamwambia.

"Nilidanganya. Nilitaka mje kwa miguu yenu." Akang'ata uzi. "Mzee Elia alikuja mwaka juzi, akafika pale kwenye nguzo ya umeme, akageuza. Wewe ndiye wa kwanza kuingia. Watu nawajua baadhi, viatu sivijui. Wewe macho yako hayasahau. Mtoto, chukua chaki hiyo. Bibi yako atataja, wewe andika."

Nikaanza. Ndala ya bluu iliyofungwa kwa waya, Gwakisa. Yeboyebo ya waridi, Salome.

Chaki ikasimama. "Mama?" Tumpe akauliza.

"Andika."

Kiatu cha ngozi chenye soli ya tairi, Mzee Elia. Sandali yenye kifungo cha shaba, Mama Upendo. Raba ya kushoto, Ambakisye. Nilifika kwenye buti nikaliinamia. Lori lilipita nje, likapita lingine. Fundi hakuniharakisha. Buti lilikuwa na oili ya gereji kwenye ncha, haikutoka miaka yote hiyo.

"Hilo nalijua," Fundi akasema. "Nataka kusikia kama na wewe unalijua."

"La Lusajo," nikasema. "Mwanangu wa kwanza. Ndiye aliyeshika mchi."

Tumpe alisogea kwenye buti. Aliandika jina la baba yake kwa herufi kubwa, polepole, chaki ikilia kwenye turubai. Alipomaliza alikwenda kusimama mlangoni, mgongo kwetu.

Chini ya buti kulikuwa na pengo la kutosha kiatu kimoja. Fundi akaliwekea kiganja. "Hapa pamenishinda. Kabla ya jiwe la kwanza kulikuwa na mwanamke aliyepiga kelele nyuma ya bati. Sauti niliisikia, mtu sikumwona. Wote wengine walikuja kwa sababu yake. Nani?"

Ningeweza kumtaja marehemu yeyote. Nakiri lilinijia jina, tena la mtu mwema.

"Ni mimi," nikasema. "Nilichungulia, nikaona ngozi, nikapiga kelele. Na nilikuwa nazijua ngozi zako."

Alinipiga kofi la mkono wa kushoto. Sijapigwa hivyo tangu nikiwa msichana. Niliangukia viroba, sikio likawa linalia, na Tumpe akapiga ukelele akaja mbio.

"Kaa hapohapo, mtoto," Fundi akasema. Akauinua ule wa kulia uliojikunja. "Nilikushikisha kwa mkono huu. Nilikushikisha ngozi, Bibi Tumpe! Ukasema inanuka."

"Nilisema."

"Tukacheka."

"Tulicheka."

Alikaa kitako. Kisha akaniangalia miguuni.

"Vua."

"Vyote?"

"Kimoja. Cha kulia."

Nikamvulia lapa langu la kahawia. Alilipiga kwa mchi kwanza, mchi mwingine, si ule, na mara hii hakusema pole. Alilishona mbele yangu, anatoboa kwa kigasha, anavuta kwa meno, mpaka likakaa kwenye pengo vidole vikitazama ngozi. Kazi ilimchukua hadi jua likahama dirishani. Nikamwuliza kama amenisamehe.

"Sijui," akasema. "Bado nashona. Tumpe, andika jina la bibi yako, utuondokee na kiwewe chako."

Tulirudi Mbeya mimi nikiwa na lapa moja. Kondakta akaniambia, "Bibi, kiatu kingine amekula mamba?" Nikamwambia nimekiacha kwa mwenyewe. Tumpe alitaka aninunulie ndala Makambako, nikakataa, naye akahamia kiti cha nyuma hadi Iyunga. Usiku hakula. Lusajo aliporudi safari, binti yake ndiye aliyemweleza, mlango umefungwa. Nilisikia sauti ya mtoto tu. Asubuhi mwanangu alinikuta ninafagia, akautazama mguu wangu wa kulia usio na lapa, akaenda kukaa ndani ya lori bila kuliwasha.

Nimeandika haya kwa hao wote niliowataja, na kwa hao wa barabarani ambao majina sina. Kama wewe ulikuwepo nami nimekuacha, au hukuwepo nami nimekutia, njoo useme, nyumbani kwangu mnapajua. Ile raba ya kushoto hasa, nilisema ya Ambakisye kwa sababu ya kamba zake, lakini wapakia mizigo wawili nao walivaa za namna ile, na sitaki kumfunga mtoto wa dada yangu kwenye turubai kwa kosa la macho ya uzee. Atakayenionyesha nimekosea nitapanda basi naye hadi Ipogolo, nimwambie Fundi afumue, katani inafumuka. Ila lapa la kahawia la mguu wa kulia, hilo msihangaike kunisahihisha.